Saa Isiachiwe Watazamaji

Machi 14, 2021, Mmarekani Ludwig Ahgren aliingia mubashara kwenye mtandao wa Twitch akiwa na saa inayohesabu kurudi nyuma. Kila aliyelipia usajili aliiongezea saa hiyo sekunde, naye akaahidi kubaki hewani hadi iishe. Alipika, akala, akacheza gemu, akalala kwenye kitanda chenye umbo la gari la mashindano huku maelfu wakimtazama akiwa usingizini. Aprili 13 matangazo yalimalizwa na ukomo wa siku 31 aliouweka yeye mwenyewe. Usajili ulikuwa umevuka 280,000.

Hesabu yake ni nyepesi, na hapo ndipo penye hatari. Kwa sekunde 10 kila usajili, watu 8,640 wanatosha kununua siku nzima ya maisha ya mtu. Kila mmoja ametoa dola chache na kuongeza muda usiotosha hata kumaliza glasi ya maji, hivyo hakuna anayejiona amemnyima mwenzake usingizi. Mwajiri anayemweka mlinzi lindoni siku tatu mfululizo anajulikana na anaweza kushtakiwa. Hapa aliyeongeza saa ni umati, na umati hauitwi mahakamani. Anayejulikana ni mwenye jukwaa, ambaye hukata fungu lake katika kila malipo. Twitch kwa kawaida huchukua nusu. Anayekula faida ya saa ndefu ndiye abebe jukumu la kuisimamisha.

Watasema huyu ni mtu mzima, hakulazimishwa, na ametajirika. Ni kweli kwa Ahgren, aliyekuwa na jina, wasaidizi na uwezo wa kusema basi. Ila wanaoiga mtindo huu wengi ni wachanga wasio na jina, ambao kuzima kamera fedha zikiingia ni kuitupa nafasi waliyoisubiri kwa miaka. Ridhaa ya siku ya kwanza haiwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa ya siku ya kumi na mbili, akili ikiwa imechoka na michango ikiendelea kumiminika. Agosti 2025, Mfaransa Raphaël Graven, aliyefahamika kama Jean Pormanove, alifariki karibu na Nice akiwa hewani kwenye jukwaa la Kick, katika matangazo yaliyokuwa yamepita siku 12. Uchunguzi wa mwili haukuonyesha kwamba kifo chake kilitokana na majeraha, na si haki kudai kwamba urefu wa matangazo ndio uliomuua. Linalobaki ni kwamba jukwaa liliyaacha yaendelee siku zote hizo.

Marekani ilishayaona haya katika miaka ya 1920 na 1930, watu walipocheza dansi wiki nzima mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Miji na majimbo kadhaa yaliyapiga marufuku mashindano hayo. Leo marufuku si lazima: saa isimame mtangazaji anapolala, na jukwaa liweke kikomo ambacho hakuna mchango unaoweza kukisogeza. Nawe msomaji, ukiona saa hiyo inakaribia sifuri, iache iishe.