Wenye nyumba Karatu wasisubiri sheria iwakute shambani

MKULIMA wa Karatu akiuza vitunguu vya Mang'ola kwa bei nzuri, mara nyingi fedha hazikai benki. Hununua tofali, bati na saruji, akaongeza vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yake ya mjini, au fremu moja ya duka kando ya barabara iendayo Lango la Ngorongoro. Hiyo ndiyo akiba yake, na uzeeni ndiyo pensheni yake. Sheria yoyote ya kodi ya nyumba inamgusa yeye kama inavyomgusa tajiri wa Kariakoo, ingawa wanaoijadili humwona zaidi yule wa Kariakoo.

Wapangaji nao wapo. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro mtu hawezi tu kujijengea nyumba ya kupangisha, hivyo madereva wa watalii, wapishi na wahudumu wa hoteli za ukingoni mwa kreta huacha familia zao Karatu. Wapo pia walimu, mafundi na wauza mitumba.

Zamani uhusiano huu ulikuwa na sheria yake. Ile ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya kuamua kodi na ilimzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji apendavyo. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo yamebaki masharti ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo inaruhusu hata mkataba wa mdomo kwa upangaji usiozidi mwaka mmoja. Kwa vitendo, sheria ikawa dalali na neno la mwenye nyumba: kodi ya miezi sita mkononi, au mwaka mzima, la sivyo chumba anapewa mwingine.

Ndiyo maana suala hili limerudi bungeni na midomoni mwa mawaziri mara kadhaa, na litarudi tena. Wenye nyumba wana sababu ya kuwa na wasiwasi. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya Sh100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Anayekumbuka enzi hizo hupata shaka akisikia neno "udhibiti". Tena kodi ikipangwa chini ya gharama, mwenye nyumba haachi kupokea kodi. Anaacha kuziba bati linalovuja.

Lakini kwa kodi ya miezi sita, wenye nyumba hawana utetezi wa kutosha. Chukua mfano wa mama anayeanza biashara ya mitumba akiwa na mtaji wa Sh300,000. Chumba ni Sh40,000 kwa mwezi. Akishalipa miezi sita anabaki na Sh60,000, na hajanunua hata robo ya mzigo aliokusudia. Zile Sh240,000 zinakwenda kwa mwenye nyumba, ambaye kwa kuwa naye ni mkulima, anazigeuza mbegu, mbolea na dizeli ya mashine ya maji. Ni mkopo usio na riba, anaoutoa mtu mwenye mtaji mdogo kumpa mwenye mali. Mkulima si mwovu. Hana pa kukopa kwa riba nafuu msimu unapoanza. Hata hivyo tatizo hilo ni la mikopo ya kilimo, na muuza mitumba si benki yake.

Sababu nyingine, ambayo wenye nyumba huisema kwa sauti ya chini, ndiyo ya msingi zaidi: hofu ya mpangaji asiyelipa na asiyeondoka. Hofu hii ni ya kweli. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Ardhi la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa kupatanisha ndani ya siku 30, mdai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa deni la Sh120,000, mtu wa Oldeani au Endabash atatumia nauli na siku za shamba hadi aone heri asamehe. Hapo ndipo milango inapong'olewa na vyombo kutupwa nje, jambo ambalo linamgeuza mdai kuwa mkosaji.

Hapo ndipo biashara ya haki ilipo. Wenye nyumba wakubali kodi ya mwezi hadi miezi mitatu, na mkataba wa maandishi hata wa ukurasa mmoja. Wao wadai utaratibu mfupi wa madeni ya kodi, wenye siku zinazohesabika, unaoishia karibu na nyumbani.

Wakatae, kwa upande wao, ukomo wa ongezeko la kodi kwa asilimia. Uganda iliweka asilimia 10 kwa mwaka katika sheria yake ya mwaka 2022. Kwa mji unaoishi kwa watalii dawa hiyo inaweza kuleta ugonjwa. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,000 hivi mwaka 2020. Katika mwaka kama huo mwenye nyumba mwenye busara hupunguza kodi. Akijua hataweza kuirudisha haraka watalii wakirejea, hatapunguza.

Gharama ya kukaa kimya imeshaonekana. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilihamishiwa kwenye LUKU, Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa Sh1,500. Mlipaji kisheria ni mwenye nyumba, lakini inakatwa kwa anayenunua umeme. Kwenye nyumba ya wapangaji sita na mita moja, anayetangulia kununua mwezi ukianza ndiye anayeumia, na ugomvi hauishi.

Wakulima hawa wana vyama vya ushirika na SACCOS. Kukaa kikao si jambo geni kwao. Kama wenye nyumba, hawana kikao. Kamati za Bunge hupokea maoni ya wadau, na barua moja iliyosainiwa na wenye vyumba mia wa Karatu inaweza kupita kwa mbunge wao. Iwe na kipengele cha dalali pia, maana anayechukua kodi ya mwezi mzima kwa kumwonyesha mtu mlango anawaumiza wote wawili.