Mashimo ya Ouro Preto na Sisi wa Katanga

Kule Brazil kuko muji wa milima, jina yake Ouro Preto. Mutu peke yake anaweza kutoka Belo Horizonte na bisi asubui, kilometa kama 100, arudi magaribi. Anapanda njia za mawe, anaangalia makanisa ya karne ya 18, anapiga foto. Kisha analipa ili aingie mu shimo ya zamani ya zahabu.

Ile shimo ilichimbwa na nani? Na watu weusi waliofanywa watumwa, wengine walitolewa Kongo na Angola. Wazee wa kule wanahadisia Chico Rei, mufalme wa Kongo aliyechimba, akajikomboa, akakomboa na wenzake. Wanasema wanamuke walificha vumbi ya zahabu mu nywele, wakaioshea mu kanisa ya Santa Efigênia. Zahabu ilipungua, lakini muji haukukufa. Mu 1980 UNESCO iliuandika kati ya mali ya dunia, na hadisi ya wachimbaji ingali inalisha watu.

Na sisi? Mu Likasi, Kipushi na Kambove vyuma vya zamani vinauzwa ku kilo, wazee wanazikwa na hadisi zao. Tunasema: hapana! Mukuba nao utaisha siku moja. Bandugu, tuulize baba zetu leo. Tuandike majina ya wale waliobakia mu shimo, tutunze lampe na kofia zao. Na siku mugeni atakuja kuangalia, mwenye kumuongoza na kulipwa awe mutoto wa muchimbaji.