KOCHA ALIYEANZA NA VIPIGO 18: Kwa Hasira za Mitandaoni Angeshafukuzwa Kabla ya Krismasi

Kuna klipu ya binti mmoja mrefu, jezi imelowa jasho, analia mpaka mabega yanatetemeka. Hajafiwa. Amekosa kikapu tu. Ilikuwa Aprili 2, 2021, pale San Antonio, Marekani, nusu fainali ya ubingwa wa vyuo kwa wanawake. South Carolina wako nyuma pointi moja, sekunde zinaisha, mpira umeporwa, mwenzake mmoja amekosa, mpira umemrudia yeye chini ya ring'i. Akaurusha. Ukagonga, ukatoka. Kwisha. Stanford 66, South Carolina 65.

Huyo binti ni Aliyah Boston, na wakati ule alikuwa na miaka 19. Machozi yake yakawa biashara. Klipu ikazunguka na kuzunguka, hata msimu mpya ulipoanza bado ilikuwa inarushwa kwenye televisheni kila timu yake ikitajwa. Hakuna aliyekuwa anaposti pasi zake wala ribaundi zake za usiku ule. Kilio tu.

Na hapa ndipo pa kusema ukweli bila kupaka mafuta. Mitandaoni kuna watu kazi yao ni kusubiri mtu aanguke. Ukishinda wote ni ndugu zako, kila mtu anaandika "nilishasema huyu ni moto". Ukipoteza mara moja, wale wale wanarudi na stika za kucheka: kafulia, alikuwa kiki tu, arudi kwao. Hawajui ulipotoka wala hawataki kujua. Wanaangalia picha ya mwisho.

Sasa kama kuna timu ambayo historia yake inawaumbua watu wa aina hii, ni hiyo hiyo ya Chuo Kikuu cha South Carolina. Ukiwahesabia vikombe tu, hujaelewa kitu. Ni lazima uhesabu na vipigo.

Kwa asiyejua, mashindano haya yanakuja kila mwaka mwezi Machi na kumalizika mapema Aprili. Siku hizi zinaingia timu 68. Ni mtoano: hakuna makundi, hakuna marudiano, hakuna "tutawafunga kwetu". Unaweza kushinda mechi zote tangu Novemba, ukapoteza moja ya Machi, ukapanda basi kurudi nyumbani. Ndiyo maana yanaumiza kuliko ligi.

South Carolina wanajiita Gamecocks, yaani majogoo wa kupigana. Na kwa muda mrefu walikuwa kweli yule jogoo wa shamba asiyewika mjini. Mwaka 2002 walifika nane bora, 2003 wakaingia tena kwenye mashindano, halafu kimya. Miaka ikapita, wengine wanacheza Machi, wao wanaangalia kwenye televisheni kama shabiki mwingine yeyote.

Mei 2008 chuo kikamchukua Dawn Staley. Huyu alikuwa staa wa kweli, dhahabu tatu za Olimpiki kama mchezaji: 1996, 2000 na 2004. Lakini kwenye mashindano haya ya vyuo alikuwa na kidonda chake. Akiwa mchezaji wa Virginia alifika nne bora mara tatu mfululizo, 1990, 1991 na 1992, na hakubeba hata mara moja. Fainali ya 1991 walifungwa na Tennessee 70-67 katika muda wa nyongeza, na yeye ndiye akachaguliwa mchezaji bora wa hatua hiyo. Fikiria hiyo: unapewa tuzo ya ubora huku wenzako wa upande wa pili wanakata nyavu na kuimba.

Basi watu wakategemea miujiza. Msimu wa kwanza wa Staley South Carolina: ushindi 10, vipigo 18. Msimu wa pili: ushindi 14, vipigo 15. Wa tatu: 18 kwa 15. Miaka mitatu, hakuna Machi.

Ebu chukua rekodi hiyo uipeleke kwenye klabu yoyote ya huku yenye mashabiki wenye bando. Msimu wao unaanza Novemba; kwa presha ya huku, kocha angekuwa ameshapewa barua kabla ya Krismasi. Kungekuwa na alama ya reli ya "aondoke", kuna mchambuzi angesema kucheza ni kitu kimoja na kufundisha ni kingine, na kuna mtu angeleta habari kwamba amegombana na wachezaji. Mwezi wa pili anatambulishwa kocha mpya na skafu shingoni, kila mtu anatabasamu, mzunguko unaanza upya.

South Carolina hawakufanya hivyo. Walimwacha afanye kazi. Mwaka 2012, msimu wa nne, wakarudi kwenye mashindano kwa mara ya kwanza tangu 2003, wakafika 16 bora. Mwaka 2014 akamshawishi binti wa jimbo hilo hilo, A'ja Wilson, aliyekuwa anagombewa na vyuo vikubwa vya nchi nzima, abaki nyumbani. Mwaka 2015 wakafika nne bora kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Na unajua walitokaje? Walifungwa na Notre Dame 66-65. Ndiyo, matokeo yale yale ya 2021. Pointi moja. Miaka sita katikati, kidonda kile kile, namba zile zile, kama kuna mtu anawatania.

Mwaka uliofuata wakatolewa 16 bora na Syracuse, 80-72. Hapo wenye midomo wangesema basi, bahati yao imekwisha. Mwaka 2017 wakabeba. Fainali ilipigwa Dallas, wakawafunga Mississippi State 67-55, na Wilson akawa mchezaji bora wa hatua ya mwisho. Leo sanamu yake imesimama nje ya ukumbi wanaochezea, kwenye ardhi ya chuo ambacho bibi yake mzaa mama, enzi za ubaguzi, hakuruhusiwa hata kukatiza ndani yake. Alikuwa anakizunguka kwa nje. Mjukuu ndiye anasalimia wageni mlangoni.

Kuna kitu kingine cha 2017 ambacho watu hawakisimulii. Bingwa wa mashindano haya hukata nyavu za ring'i na kubaki nazo. Carolyn Peck, aliyekuwa kocha wa kwanza mwanamke mweusi kubeba ubingwa huu, akiwa na Purdue mwaka 1999, alimpa Staley kipande cha nyavu yake. Akamwambia akae nacho, siku akichukua ya kwake atamrudishia. Alimpa mwaka 2015, mwaka ule wa 66-65. Hakusubiri ashinde kwanza ndiyo amtambue. Staley naye alipobeba akakata ya kwake vipande vipande akawatumia makocha wanawake weusi wa vyuo mbalimbali, na wengi wao hawakuwa na kikombe chochote. Huo ndio utu. Wengine wanaposti stika, wengine wanatuma nyavu.

Turudi kwa yule binti aliyelia. Mwaka 2020 timu yake ilikuwa namba moja nchini, imeshinda 32 na kufungwa mara moja tu, halafu korona ikafuta mashindano yote. Hakuna aliyewafunga, hakuna aliyewapa kikombe. Mwaka 2021 ndiyo hiyo pointi moja. Mwaka 2022, huku klipu ya machozi bado inazunguka, Boston akarudi. Fainali Minneapolis, wapinzani ni UConn, ambao walikuwa wamecheza fainali 11 na kushinda zote 11. South Carolina wakawatandika 64-49. Destanni Henderson akamwaga pointi 26, na mchezaji bora wa hatua hiyo akawa Aliyah Boston. Akalia tena. Safari hii wale wa stika hawakuonekana.

Ingekuwa filamu ingeishia hapo. Maisha hayaishii hapo. Mwaka 2023 walikuja wameshinda 36, hawajafungwa hata moja, kila mtu anajua bingwa ni nani. Caitlin Clark wa Iowa akawapiga pointi 41 peke yake, wakatoka nusu fainali 77-73. Wachezaji wote watano wa kuanza, akiwemo Boston, wakaondoka. Uchambuzi ukawa mmoja tu: kwisha habari yao, sasa wanajenga upya.

Msimu uliofuata hao watoto wa kujengwa upya wakashinda mechi 38 kati ya 38. Fainali ya 2024 wakakutana na Iowa wale wale na Clark yule yule. Wakaanza kwa kutanguliwa 10-0. Hapo mtu wa mitandaoni ameshaandika komenti yake na kulala. Wao wakageuza, 87-75. Mechi ile ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 18 Marekani, wengi kuliko fainali ya wanaume ya mwaka huo, ambayo haikufika hata milioni 15. Wanaosema mpira wa wanawake hauna watazamaji wabebe hiyo namba waende nayo nyumbani.

Na 2025? Fainali tena, UConn tena, na safari hii walichapwa 82-59. Hakuna cha pointi moja, hakuna cha bahati mbaya. Walizidiwa kila idara. Ukichukua picha ya usiku ule peke yake, unaona timu iliyokwisha. Ukichukua miaka yote hadi usiku huo, unaona timu iliyofika fainali nne na kubeba tatu, chini ya kocha aliyeanza na vipigo 18.

Kuna wanaojibu kwamba hao wana hela, acheni kuwafananisha na watu wa huku. Ni kweli wana hela. Mkataba ambao Staley alisaini Januari 2025 unaanzia dola milioni 4 kwa mwaka. Ukumbi wao una viti 18,000 na kwa miaka mingi wameongoza Marekani nzima kwa wastani wa watazamaji wa mpira wa kikapu wa wanawake. Hela ya aina hiyo huku hakuna, na hakuna uvumilivu unaoweza kununua ukumbi.

Lakini angalia kipi kilitangulia. Miaka ile mitatu ya mwanzo viti vilikuwa vitupu. Watu hawakujaa halafu timu ikashinda. Timu ilijengwa, watu wakaja taratibu, hela ikafuata watu. Na vyuo vyenye hela Marekani ni vingi mno. Mbona havijabeba vyote?

Jambo hili linagusa hata nyumbani. Madina Okot, binti wa Kenya aliyekuwa akichezea Chuo Kikuu cha Zetech, alikwenda Mississippi State mwaka 2024, na mwaka 2025 akahamia South Carolina kwa Staley. Kila Mswahili mwenye simu aliposti. Hongera nyingi, bendera nyingi. Swali ni moja: siku akikosa kikapu cha mwisho kama Boston, hao wa bendera watakuwa wapi?

Maana mabinti wapo. Nenda viwanja vya Upanga jioni utawakuta, wengine wametoka kazini, wengine wanacheza na raba za kuazima. Wanarekodiwa na simu. Mmoja akipigwa chenga akaanguka, klipu inasambaa kuliko pointi zake zote za msimu, na chini kuna mtu mzima, mwenye watoto wake, ameandika "aende akapike". Binti anasoma. Baba yake anasoma. Kesho yake ruhusa ya mazoezi haipo. Hakuna anayejua ni wangapi wameacha kwa staili hiyo, kwa sababu anayeacha haposti.

Boston hakuacha kwa sababu kocha wake alikuwa ameshapoteza sana kabla yake, anajua uchungu wa fainali ya 1991, anajua msimu wa vipigo 18, na hakumtazama kama aliyeharibu. Kuna watu walimvumilia kocha, kocha akamvumilia binti, na kikombe cha 2022 kikatoka humo.

Kwa hiyo Machi nyingine ikifika, na kuna binti atalia mbele ya kamera, maana lazima mmoja alie, kabla ya kubonyeza hiyo stika mtu akumbuke zile 66-65 mbili. Ya kwanza ilifuatiwa na ubingwa baada ya miaka miwili. Ya pili ilifuatiwa na ubingwa baada ya mwaka mmoja.

Haya, uwanja ni wenu. Kocha mwenye ushindi 10 na vipigo 18, klabu yako ingempa miaka mingapi? Dondosha komenti hapo chini, na mtaje na binti mmoja wa mtaani kwenu anayecheza vizuri. Mpeni maua yake kabla hajashinda.