Harufu Tamu, Mmea wa Sumu

Msomaji, ukipita mitaa ya Nairobi jioni huenda umenusa kile kichaka chenye maua makubwa yaning'iniayo kama tarumbeta. Wataalamu hukiita Brugmansia. Asili yake ni Amerika Kusini. Kwa mapambo sikilaumu. Lakini kukipanda kando ya shule ya chekechea ni uzembe, hasa ilhali mwasumini upo, ambao maua yake akina mama wa Lamu hutungia vikuba.

Majani, maua na mbegu za kichaka hicho zina atropini na skopolamini. Mtoto akivitafuna, kinywa hukauka, mboni za macho hupanuka, moyo hupiga mbio, naye huweweseka hata jamaa wadhani ni malaria ama amerogwa. Usimtapishe. Mkimbize hospitalini, na ubebe tawi la mmea huo daktari alione.