Kibao, Kisu na Wino: Karakana ya Rorke's Drift

Ukitajiwa kazi ya msanii huenda fikra zako zikakimbilia picha kubwa zilizochorwa kwa rangi za mafuta za bei ya kutisha, zikatundikwa katika jumba ambalo mlinzi wake hukutazama viatu kabla hujaingia. Juma hili natamani tuzungumzie sanaa iliyoanzia sakafuni. Sisemi hivyo kwa mzaha. Malighafi yake ni linoleamu, yaani lile tandiko gumu litandazwalo katika sakafu za ofisi na hospitali, ambalo Waingereza walianza kulitengeneza katika miaka ya 1860 kwa mafuta ya mbegu za kitani, vumbi la gome lile lifanyalo vizibo vya chupa, na kitambaa cha gunia mgongoni.

Kazi yenyewe huenda hivi. Msanii hukata kipande cha linoleamu, akachora juu yake kwa penseli au wino, kisha akachukua kisu kidogo chenye mdomo mfano wa patasi na kuchimba. Palipochimbwa patakuwa peupe. Palipoachwa patapokea wino mweusi. Hapo ndipo penye ugumu kwa anayeanza, kwa kuwa mkono uliozoea kalamu huchora giza, ilhali kisu hiki huchora mwanga. Tena hakuna kufuta. Ukikosea ukakata pua ya mtu, mtu huyo ataishi bila pua. Asubuhi za baridi linoleamu huwa ngumu na kukatika ovyo, hivyo mafundi huianika juani kidogo ilainike. Baada ya hapo wino husambazwa kwa rola, karatasi hulazwa juu, hugandamizwa kwa mashine au kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko, na picha hutoka ikiwa imegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Na kwa kuwa kibao kingali kizima, msanii huweza kutoa nakala ya pili, na ya hamsini, na ya mia. Kila moja huandikwa namba yake kwa penseli, na kila moja ni kazi halisi.

Nimekwambia hayo yote ili uelewe kwa nini ufundi huu ulishika mizizi mahali paitwapo Rorke's Drift, katika Natal ya Afrika Kusini, karibu na mto ambapo Wazulu na Waingereza walipigana mwezi Januari 1879. Mwaka 1962 wanandoa wawili kutoka Sweden, Peder na Ulla Gowenius, walianzisha chini ya Kanisa la Kilutheri kituo cha sanaa na kazi za mikono, ambacho muda mfupi baadaye kilihamia hapo. Zilikuwa zama za makaburu. Sheria ya elimu ya mwaka 1953 ilikuwa imekwisha kuamua kwamba mtoto wa Mwafrika afundishwe yale tu yatakayomfaa kwa kutumwa, na kijana mweusi aliyetaka kusomea uchoraji alikuwa na milango michache mno ya kubisha. Rorke's Drift ukawa mmoja wa milango hiyo. Wanawake walifuma mazulia ya ukutani yenye picha; mwaka 1968 likaanzishwa darasa la sanaa na karakana ya ufinyanzi. Wanafunzi walijifunza pia kuchora kwa rangi, lakini rangi ni ghali, na kipande cha linoleamu ni rahisi. Ndiyo maana jina la mahali hapo limebaki katika chapa zake nyeusi na nyeupe.

Azaria Mbatha, mmoja wa wa kwanza kabisa, aligawa kibao chake katika vyumba vyumba na kusimulia hadithi za Biblia, kama ile ya Yusufu, watu wake wote wakiwa Waafrika. Katika nchi ambayo hata benchi la bustani lilikuwa na rangi yake, jambo hilo halikuwa dogo. Bongiwe Dhlomo, aliyesoma hapo mwishoni mwa miaka ya 1970, alichonga familia zilizohamishwa kwa nguvu makwao na mizigo yao. Wewe unayelijua shaka la kuhama chumba cha kupanga huku watoto wakiuliza tunakwenda wapi, utazielewa picha hizo bila mkalimani.

Lakini anayenigusa zaidi ni John Muafangejo. Alizaliwa Angola mwaka 1943, akakulia katika misheni kaskazini ya Namibia, na mwaka 1967 akaenda Rorke's Drift. Aliporudi alifundisha, kisha akahamia Katutura, mtaa uliotengwa kwa ajili ya weusi mjini Windhoek. Muafangejo aliandika ndani ya picha zake: sentensi nzima za Kiingereza kwa tahajia yake mwenyewe, kila herufi ikichongwa kinyume ili isomeke sawa kwenye karatasi. Hebu jaribu kuandika jina lako hivyo, ndipo ukadirie subira yake. Alichonga harusi, maaskofu, vita ya mwaka 1879, na upweke wake mwenyewe. Mwaka 1984, nchi yake ikiwa bado chini ya Afrika Kusini, alitoa chapa ya watu wawili waliokumbatiana, akaipa jina linalosema tumaini lipo licha ya shida za sasa. Alifariki Novemba 1987 akiwa na miaka 44. Namibia ilipata uhuru Machi 1990.

Kuhusu wafinyanzi yapo mambo ya kupendeza. Wanaume walipewa gurudumu. Wanawake, akina Dinah Molefe, waliendelea kufinyanga kwa mikono, pindi juu ya pindi, kama mama zao walivyofinyanga mitungi ya pombe, ila sasa vyombo viliingia katika tanuri lenye moto mkali. Kwa maoni yangu mitungi ya akina mama hao ndiyo yenye uhai zaidi. Hata hivyo kwa muda mrefu wao waliitwa mafundi na wenzao wa chapa wakaitwa wasanii. Na nakala zile, ambazo kwa wingi wake zingeweza kufika katika vyumba vya wafanyakazi, zilinunuliwa zaidi na wazungu na watu wa ng'ambo. Darasa la sanaa lilifungwa mwaka 1982. Ufumaji na ufinyanzi viliendelea.

Ikiwa watoto wako wamechoka kukaa bure Jumapili hii, wape kiazi mviringo kilichokatwa katikati. Chora samaki juu ya uso uliokatwa, chimba pembeni yake kwa kisu kidogo ukiwa umeketi nao, ufute maji ya kiazi kwa kitambaa, upake rangi nyembamba na ugonge juu ya karatasi. Rangi ikizidi, mistari huzibika. Wakitaka kuweka majina yao, waambie waanze na herufi ya kwanza upande wa kulia, nayo iwe imegeuka.