Uso Mkavu Si Moyo Hodari



Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Mabomu yaliangukia Tshopo na Makiso, juu ya nyumba za raia. Baba aliyezika watu wake bila chozi alisifiwa: «Huyu ni mwanaume.»

Mimi simsifu, namhurumia. Baada ya kitisho kikubwa moyo unaweza kufa ganzi: mtu halii, hacheki, haogopi. Si ushujaa wala ubaya. Ni kidonda kisichoonekana.

Kwetu mgodini ganzi hiyo ni hatari. Woga ndio unaokufanya utazame mawe ya juu kabla ya kuingia, na ungoje moshi wa baruti uishe. Asiyeogopa hatazami, naye hafi peke yake.

Umeona ajali? Umefiwa? Usiseme «si kitu». Mwambie kapita, mwambie mganga. Nawe mama, bwana akikosa usingizi na kuacha kucheka na watoto, usimwite mwenye roho mbaya. Muulize polepole, msindikize hospitali.

Kofia inalinda kichwa. Moyo unalindwa kwa kusema.