Reale yenye tundu si reale bandia

Mwaka 1780 uliochapwa kwenye reale ya Maria Theresa haumwambii mtu sarafu hiyo ilitengenezwa lini. Malkia huyo aliyetawala Austria alifariki Novemba mwaka huohuo, na tangu hapo kila reale yenye sura yake imetoka na tarehe ileile. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani ya Benadir waliizoea sura hiyo wakaikataa nyingine yoyote, nao watengenezaji wakawapa walichokitaka. Misafara kati ya Luuq, Barawa na Mogadishu ilihesabu mali kwa reale, na kwa njia za mifugo na ndoa zikavuka hadi kwa familia za Mandera, Wajir na Garissa, ambako baadhi zilitobolewa zikavaliwa shingoni. Leo zinapotolewa sandukuni ziuzwe, mwenye mali hukutana na hukumu mbili, zote mbovu. Dalali mmoja humwambia ana hazina ya zaidi ya miaka 240. Mwingine huliona tundu tu, akasema hiyo ni bandia, ikishuka bei sana ataichukua kama chuma chakavu.

Wote wawili wanachanganya maswali yanayopaswa kuulizwa moja moja: imetengenezwa kwa madini gani, imetengenezwa lini, na imefanywa nini baadaye. Jibu la swali moja halijibu jingine. Mussolini alipojiandaa kuivamia Ethiopia mwaka 1935, Austria ilimkabidhi mihuri ya kuchapia reale, na Roma ikaanza kuzitoa. Uingereza haikukubali kuachwa nyuma, London ikazichapa kuanzia mwaka uliofuata, kisha Bombay mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yalipita Garissa yakielekea Kismayu; ikiwa yalibeba reale hizo, iliyobaki katika boma moja kando ya Tana huenda ilikuwa mpya kabisa mwaka huo. Je, ni bandia? La. Ni fedha kamili, kwa kipimo kamili, iliyotoka kwa serikali. Ila si kongwe. Linganisha na shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, ambayo tarehe yake husema kweli: iliyochapwa kati ya 1921 na 1946 ina robo ya fedha, na ya 1948 na kuendelea haina fedha hata chembe, ingawa bado kuna wanaoiuza kama fedha.

Kwa hiyo hukumu ianze kwenye madini, na madini yana namba. Reale halali ina uzito wa gramu 28.07 hivi, na sehemu 833 kati ya 1000 ni fedha safi, iliyobaki ni shaba. Ukingoni kuna maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na kipande kilichosubiwa kwenye ukungu badala ya kupigwa chapa mara nyingi huonyesha maandishi yaliyofifia au mstari wa kiungo unaozunguka ukingo huo. Wafanyabiashara wa zamani, inasimuliwa, walihesabu lulu tisa za pambo la malkia kabla ya kuipokea. Siutegemei ukaguzi huo, kwa sababu anayesubu kutokana na reale halisi hupata lulu zote tisa bure. Sumaku nayo hukamata mwongo mjinga peke yake, maana shaba, risasi na mchanganyiko wa shaba na nikeli pia havivutwi. Kipimo kinachofaa zaidi kinahitaji mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, bilauri ya maji na uzi. Weka bilauri juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha uining'inize sarafu majini bila kugusa kitako wala pembeni. Reale kamili itaifanya mizani isome karibu gramu 2.75. Ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma karibu 3.15, na iliyopunguzwa fedha hadi nusu itasoma karibu 2.9. Tofauti hizo ni ndogo kwa jicho, lakini mizani iliyokaguliwa huziona waziwazi.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakijali tundu. Ukiipima hewani peke yake, sarafu iliyotobolewa au kulika kwa kuvaliwa itapungua, na dalali atasema, si unaona, haifiki. Ukigawanya uzito wa hewani kwa ule uliosomwa majini, jibu hubaki karibu 10.2 hata kama nusu ya sarafu imekatwa, kwa kuwa mchanganyiko wa madini haujabadilika. Kinachoweza kulipotosha ni kilichoongezwa: kipete kilicholehemiwa, au tundu lililozibwa kwa risasi. Ndiyo maana ningemwogopa zaidi aliyeliziba tundu na kulipaka rangi ya fedha kuliko aliyeliacha wazi. Wa kwanza ameficha jambo. Pia kuna mwerevu anayeweza kuchanganya risasi na madini mepesi hadi akaifikia 10.2, na hapo maji hayatoshi. Lakini risasi ni laini, hukwaruzwa kwa kucha, na ikiangushwa juu ya jiwe hutoa mlio mfu. Hakuna kipimo kimoja kinachomaliza kazi.

Wakusanyaji wa sarafu watapinga kwamba tundu hushusha bei kila mahali duniani. Ni kweli, kwa mnunuzi anayetaka sarafu ya kuweka kabatini Vienna au London. Anayenunua Garissa ili ayeyushe halipii urembo. Tundu la milimita tatu huondoa chini ya robo ya gramu, yaani chini ya asilimia moja ya fedha iliyomo, na kupunguza bei kwa theluthi au nusu kwa sababu hiyo hakuna hesabu inayokuhalalisha. Kasoro ya soko la wakusanyaji inakopwa hapa ili imwibie muuzaji katika soko la madini.

Wengine watasema neno la nyanya aliyeivaa linatosha, mizani ya nini? Neno lake lina uzito, na ningependa liandikwe pamoja na sarafu: nani aliipokea, wapi, kwa mahari au kwa ngamia. Linathibitisha reale ilikuwa kwa nani. Haliwezi kuthibitisha kilichomo ndani yake, kwa kuwa bandia zilitembea misafara ileile. Ushuhuda huo una faida nyingine ambayo madalali hawaitaji. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na hakitolewi nchini bila kibali. Tarehe 1780 haitoshi kuiingiza reale katika kundi hilo, wala haitoshi kuitoa. Simulizi ya ukoo, ikiungwa mkono na mtaalamu wa alama ndogo za viwanda, ndiyo inayoweza kuamua.

Suala hili si la wapenda mambo ya kale pekee. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliikosesha kaskazini mwa Kenya misimu mitano ya mvua mfululizo, na mifugo ikifa, vito ndivyo hufuata sokoni, katika wiki ambayo muuzaji hana nguvu ya kubishana. Maofisa wa vipimo na mizani hukagua ratili za wauza nyama na pampu za petroli. Mizani ya masonara inastahili ukali uleule. Na kila sonara anayenunua reale aandike kwenye risiti uzito wake hewani na ulichosoma mzani majini, ili mwenye mali aweze kubeba namba hizo mbili hadi duka la pili kabla ya kukubali bei.